Kutoka Miti ya Mkaratusi Hadi Mabomba ya Chuma: Njia za Kuwa Fundi wa Jukwaa Uganda

Ukipita Kira, Najjera au pembezoni mwa Mbarara utaona nyumba ya ghorofa tatu imezungukwa na miti ya mkaratusi, imepigwa misumari na kufungwa kamba ya katani: hilo ndilo jukwaa la kupandia mafundi. Aliyeisimamisha miti ile mara nyingi analipwa kama poota, sawa na anayebeba maji na mchanga, na jengo likiisha jina lake haliandikwi popote. Nenda Kasinyi, wilayani Buliisa, kwenye mitambo ya mafuta ya Tilenga: kazi ileile ya kumwinua mwenzako salama hadi mahali pa kufanyia kazi ina cheo, daraja, kadi na mkaguzi wake. Wengi waliokwama kwenye miti hawajakosa mikono mizuri. Wamekosa kuzoea chuma, na wamekosa ushahidi wa maandishi kwamba waliwahi kukigusa. Mambo hayo mawili ndiyo tunayoyafuata hapa, hatua kwa hatua.

Kwanza jipime mwenyewe

Bomba la jukwaa lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3. Lenye unene wa milimita 4 lina uzito wa kilo 4.37 kwa kila mita, kwa hiyo bomba la mita 6 ni kilo 26. Utaliinua, utalisimamisha wima, utampa mtu aliye juu yako, na utarudia hivyo mara kadhaa kwa siku, juani. Mwenye kifafa, kizunguzungu cha mara kwa mara, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au macho yasiyopima umbali vizuri atafute fani nyingine mapema, kwani kampuni kubwa humpima kila mtu afya kabla ya kumpandisha. Hofu ya kimo si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Hofu ndogo hupungua kwa mazoezi, na asiyeogopa kabisa ndiye anayesahau kufunga hanesi, mkanda wa mwilini unaomzuia mtu asianguke.

Hesabu utakayohitaji ni ya shule ya msingi: kujumlisha, kugawa, kupima kwa milimita. Lugha ni jambo la pili. Vibali vya kuanza kazi saitini huandikwa Kiingereza, basi jifunze kusoma kibali kimoja hadi mwisho. Lakini juu ya jukwaa, pale genge linapochanganya mtu wa Arua, wa Kasese, Mkongo na Mkenya, Kiswahili ndicho kinachookoa vidole. Mpangilio ni huu: anayetoa bomba husema «Shika!», anayepokea hujibu «Nimeshika!», na bomba haliachiwi kabla ya jibu hilo. Kitu kikiponyoka, wote hupaza sauti «Chini!», na aliye chini hukimbilia ukutani bila kuinua uso kutazama.

Karatasi kabla ya spana

Tafuta hizi kabla ya kutafuta kazi: kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji), namba ya mlipa kodi, TIN, kutoka mamlaka ya mapato URA, namba ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), na matokeo yako ya shule hata kama uliishia P7, darasa la saba. Majina yafanane kwenye karatasi zote, herufi kwa herufi. Mtu aliyeandikwa «Okello John» kwenye kitambulisho na «John Okelo» kwenye cheti hupoteza wiki nzima akitafuta hati ya kiapo, na nafasi haimsubiri.

Kisha nunua kaunta buku. Hiki ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika fani hii, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Kila jioni andika tarehe, mahali, kampuni, aina ya jukwaa, urefu na kimo chake, sehemu uliyofanya wewe (kubeba, kusimamisha, kubomoa), saa ulizofanya, na jina na sahihi ya foromani. Piga picha ya jukwaa lililokamilika, ukiruhusiwa. Kwenye mitambo ya mafuta kamera mara nyingi hairuhusiwi, usilete ujanja. Baada ya miezi sita kitabu hicho kinaongea mbele ya mtahini kuliko mdomo wako. Foromani akihama saiti, sahihi yake hutaipata tena, kwa hiyo usirundike kurasa za mwezi mzima ukisubiri siku ya malipo.

Mlango upi wa kuingilia

Njia ya kawaida ni kuanza upoota kwenye jengo la mjini. Ina faida moja kubwa: haiombi cheti. Hasara yake ni kwamba unaweza kukaa miaka mitano bila kushika klampu, kifungo cha chuma cha kuunganisha mabomba, hata moja. Ukiingia hapo, lenga saiti zenye fremu za chuma, na usiondoke eneo la stoo. Anayejua kuhesabu fremu, kupanga mabomba kwa urefu na kutenga klampu zilizoharibika huonwa haraka, maana kila mwisho wa mwezi kuna mzozo wa vifaa vilivyopotea.

Njia tunayoipendekeza kuliko zote ni kampuni zinazokodisha majukwaa, ambazo zipo kuzunguka Kampala na kwenye barabara ya kwenda Jinja. Hapo unaanzia yadi: kupakia lori, kusafisha saruji kwenye mabomba, kupaka mafuta nyuzi za klampu. Kazi inachosha na mshahara wa mwanzo ni mdogo, lakini unaona kila mfumo unaokodishwa nchini na unakwenda na lori hadi saiti kusimamisha. Katika miezi michache utakuwa umegusa fremu, mfumo wa vikombe (nguzo zenye vikombe vya kubana mabomba ya mlalo) na bomba-na-klampu, jambo ambalo poota wa jengo moja hulipata kwa bahati.

Njia ya tatu ni chuo. Vyuo vya ufundi kama vya Nakawa na Lugogo hufundisha fani za ujenzi na uchomeleaji, na Taasisi ya Petroli ya Kigumba, wilayani Kiryandongo, ilianzishwa kwa ajili ya sekta ya mafuta. Anayesoma ujenzi au uchomeleaji kisha akaongeza mafunzo ya jukwaa hana hasara: kazi ya jukwaa ina vipindi vya njaa kati ya mradi na mradi, na fani ya pili hulisha nyumba.

Njia ya nne haisemwi sana. Wapaka rangi, wachomeleaji na mafundi wa kufunika mabomba ya joto hutumia jukwaa kila siku, na kampuni nyingi za matengenezo hupenda mtu mwenye fani mbili. Viwanda vya sukari vya Kakira, Lugazi na Kinyara, na vya saruji vya Tororo na Hima, husimamisha mitambo kwa matengenezo. Wakati huo wanahitaji majukwaa ndani ya boila, kuzunguka matangi na chini ya mikanda ya kusafirishia, yote ndani ya siku chache. Ni kazi ngumu, ya zamu za usiku, na ndiyo shule bora ya jukwaa lisilo na umbo la kawaida.

Cha kusahau ukitoka kwenye miti

Miti inafundisha mizani, kupanda na kushirikiana. Inafundisha pia tabia ambazo kwenye chuma zitakufukuzisha kazi siku ya kwanza.

Mkaratusi mbichi husinyaa unapokauka, na msumari ulioingia kwa nguvu mwezi Machi unakuwa umelegea mwezi Juni. Kamba ya katani hukaza ikilowa na kulegea ikikauka, kwa hiyo fundo lililojaribiwa asubuhi baada ya mvua si lilelile la saa nane mchana. Gome huficha kuoza na mchwa, hasa sehemu iliyofukiwa. Kwa sababu hizo fundi wa miti huzoea kuongeza msumari kila anapoona kitu kinacheza. Kwenye chuma, kitu kikicheza hupigi nyundo: unatafuta sababu. Nguzo imezama? Klampu imefungwa kwenye uchafu wa saruji? Mshazari, bomba la kuegama, umeondolewa na mpakaji rangi aliyetaka nafasi?

Tabia nyingine ni ya mbao. Kwenye miti watu hutumia ubao wowote uliotoka kwenye fomu ya zege, ukiwa na misumari na nyufa. Ubao wa jukwaa ni wa milimita 225 kwa 38, una bati la kuzuia kupasuka kwenye ncha, na mabomba ya mlalo ya kuushikilia hayazidi mita 1.2 kutoka moja hadi jingine. Ncha yake hutokeza zaidi ya mlalo wa mwisho kwa milimita 50 hadi 150. Chini ya hapo ubao unaweza kuteleza na kuanguka. Juu ya hapo mtu akikanyaga ncha, ubao unapinduka kama pembea. Huo unaitwa mtego, na ni sahihi kabisa kuuita hivyo.

Zoezi la kulijua kwa kichwa: jukwaa la sehemu mbili, miinuko miwili

Mtahini, akiwa Kampala au Abu Dhabi, mara nyingi atakuomba kitu kinachofanana na hiki: jukwaa la nguzo pande mbili, lenye sehemu mbili za mita 1.8, sakafu kwenye mita 4. Tuvitaje vifaa, maana kuandika orodha ya vifaa ni nusu ya mtihani. Leja ni bomba la mlalo linalokwenda sambamba na ukuta. Transomu linavuka kutoka nguzo ya ndani hadi ya nje. Mshazari ni lile la kuegama linalozuia jukwaa kulala.

- Nguzo: mabomba 6 ya mita 6.
- Leja: 6 za mita 4 (2 karibu na ardhi, 2 kwenye mita 2, 2 kwenye mita 4).
- Transomu: 11 za mita 1.5 (3 kwa kila kiwango kwenye nguzo, na 2 za katikati chini ya sakafu).
- Reli (mabomba ya kuzuia mtu asianguke) za nje: 2 za mita 4. Reli za ncha: 4 za mita 1.5.
- Mshazari wa upana: 4 wa mita 2.5. Mshazari wa uso wa mbele: 1 wa mita 6.
- Klampu za pembe mraba: 32. Klampu za kuzunguka: 11. Klampu nyepesi za transomu: 22.
- Sahani za chini: 6, za milimita 150 kwa 150, na mbao za kuziwekea.
- Mbao za sakafu: 5 za mita 3.9, pamoja na mbao za kingo za milimita 150.
- Ngazi moja, na viungo vya ukutani visivyopungua 2.

Jumlisha mabomba: ni mita 106.5, sawa na kilo 465 hivi kabla ya klampu na mbao. Ukiambiwa wawili mfanye kazi hiyo kwa saa moja, jua mnaharakishwa.

Ukisimamisha, fuata mpango huu.

1. Tazama ardhi. Udongo mwekundu ulioshindiliwa hubeba vizuri. Eneo la kinamasi kama sehemu za Namanve, au mtaro uliofukiwa juzi, halibebi. Weka ubao mmoja mrefu chini ya jozi ya nguzo badala ya vipande viwili vidogo, na ardhi ikiwa laini ongeza upana. Usitumie matofali wala vipande vya zege: tofali hupasuka ghafla, na nguzo hushuka sentimita saba kwa mpigo.

2. Simamisha nguzo mbili za kwanza na leja ya chini, mtu mmoja kila upande. Leja ya chini ifungwe karibu milimita 150 juu ya sahani. Pima kwa pimamaji sasa. Kosa la milimita 10 hapa linakuwa kubwa kule juu, na hakuna anayerudi chini kulirekebisha.

3. Ongeza nguzo za ndani na transomu. Kagua pembe kwa tepu: upana wa mita 1.2, mita 0.9 kwenye leja, na mshazari wa tepu usome 1.5 kamili. Usiposoma hivyo, jukwaa limepinda na mbao hazitakaa.

4. Funga leja za mita 2 kwa klampu za pembe mraba, kisha transomu, kisha mishazari ya upana kwenye jozi za ncha. Mishazari haisubiri mwisho. Jukwaa lisilo na mshazari ni mstatili wa bawaba, na wengi huanguka wakati huu, kabla jukwaa halijakamilika, kwa kuwa kila mtu anadhani bado ni kazi ndogo.

5. Weka mbao za muda kwenye mita 2, na reli kabla ya kutembea juu yake. Hanesi ifungwe juu ya kichwa, si kwenye nyayo. Kamba ya mita 2 yenye kipunguza-mshtuko inahitaji karibu mita 6 za nafasi tupu chini yako ikifungwa miguuni. Kwenye jukwaa la mita 4 utafika ardhini kabla haijakushika.

6. Endelea hadi mita 4, weka mshazari wa uso wa mbele, funga jukwaa ukutani. Viungo vya ukutani ndivyo vinavyoondolewa na mafundi wengine mara kwa mara, kwa sababu vinazuia dirisha au plasta. Kikiondolewa kimoja, kingine kiwekwe kwanza karibu yake.

7. Panga mbao tano, pigilia mbao za kingo, weka reli ya juu angalau milimita 950 kutoka sakafuni na ya kati ili pengo lisizidi milimita 470. Kwa vitendo, milimita 550 na 1,000 zinatosha na ni rahisi kukumbuka.

8. Ngazi iegame kwa uwiano wa 1 kwa 4: jukwaa la mita 4, mguu wa ngazi mita 1 nje. Ncha yake ipite sakafu kwa mita 1 ili mtu ashike anapotoka, na ifungwe pande zote mbili.

Klampu hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 50, na kwa spana ya kawaida ya fundi hiyo ni nguvu ya mkono mmoja, mtu akiwa amesimama vizuri. Kijana mwenye nguvu aliyetia bomba kwenye spana ili airefushe anaharibu nyuzi, na klampu hiyo itateleza siku nyingine ikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Klampu ikishakazwa na bado bomba linazunguka, itupe kwenye ndoo nyekundu. Usiirudishe stoo.

Kuhusu mzigo: jukwaa la kazi za kawaida hukadiriwa kilo 200 kwa mita ya mraba. Tofali la kuchoma la kilo 3 likipangwa mia moja mahali pamoja ni kilo 300, na hapo hujamhesabu mwashi, beseni la chokaa na poota wake. Anayesimamisha jukwaa ndiye anayepaswa kumwambia mwashi hivyo kabla matofali hayajapanda. Kapi la kawaida la kuvutia vitu juu nalo hubeba kilo 50 tu, yaani bomba mbili ndefu ni nyingi.

Kubomoa ni safari hiyo ikigeuzwa, na ina hatari zaidi kuliko kujenga. Kosa la kawaida ni kufungua viungo vya ukutani vyote asubuhi ili «kazi iende haraka». Kiungo hufunguliwa pale tu ulipoteremka hadi usawa wake. Mabomba hayarushwi, hukabidhiwa mkono kwa mkono.

Mambo mawili ya nchi yetu. Ukanda wa Ziwa Victoria hupigwa na radi nyingi mwaka mzima, na jukwaa la chuma ndilo kitu kirefu kuliko vyote saitini: wingu likinguruma, watu washuke, na baada ya mvua kubwa jukwaa likaguliwe upya chini hadi juu. La pili ni nyaya. Mjini Kampala nyaya za umeme hupita karibu na veranda, na bomba la mita 6 likisimamishwa hufika mbali kuliko jicho linavyokadiria. Mwombe msimamizi awasiliane na UEDCL, kampuni ya kusambaza umeme, wazime au wafunike kabla hujagusa bomba la kwanza. Kuahidi kuwa mwangalifu hakutoshi.

Vyeti, na namna ya kutoibiwa

Kwa muda mrefu Idara ya Mafunzo ya Viwanda, DIT, ndiyo iliyopima ujuzi uliopatikana kazini, pamoja na pasi ya mfanyakazi aliyejifunza kwa vitendo bila kupitia darasa. Sheria ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya 2025 imeleta bodi mpya ya upimaji, UVTAB. Uliza kituo kilicho karibu nawe kama kimeidhinishwa na bodi hiyo kupima kazi ya jukwaa yenyewe, na uombe kuona barua ya idhini. Kwa fundi aliyeacha shule P7, upimaji wa vitendo ndio mlango wa haraka kuliko miaka miwili ya chuo, na hapo ndipo kaunta buku lako linapofanya kazi.

Kampuni za mafuta na za nje hutaka zaidi cheti kinachotambulika kimataifa. Kinachojulikana sana ni cha mfumo wa Uingereza uitwao CISRS, ambao una tawi la mafunzo ya nje ya Uingereza, OSTS, lenye ngazi tatu, kozi ya wasimamizi na kozi ya ukaguzi. Kadi ya OSTS inaheshimiwa Ghuba na Afrika, lakini haikupi idhini ya kufanya kazi ya jukwaa ndani ya Uingereza; huko wana njia yao, inayoanza na kozi ya siku moja ya utangulizi, kisha Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2. Wauza ndoto wengi huficha tofauti hiyo.

Kabla hujalipa kozi yoyote, nenda mwenyewe uone uwanja wa mazoezi. Una mabomba mangapi? Darasa la watu ishirini na jukwaa moja la fremu nne ni kozi ya kutazama. Uliza kozi ni siku ngapi za vitendo, nani anasahihisha, na namba ya cheti inathibitishwaje. Anayekuahidi ngazi ya tatu kwa siku mbili anauza karatasi, na karatasi hiyo itajulikana dakika kumi tu baada ya kushika spana mbele ya mtahini. Ongeza kozi ya huduma ya kwanza na ya kufanya kazi kwenye kimo. Ni za siku chache na hufungua mageti.

Mafuta: usichelewe, lakini elewa kazi inabadilika

Jiandikishe kwenye rejista ya kitaifa ya vipaji vya mafuta na gesi, inayosimamiwa na Mamlaka ya Petroli ya Uganda. Jaza kila sehemu, na usasishe kila unapopata cheti au saiti mpya. Mtu aliyejiandikisha mara moja miaka mitatu iliyopita na namba ya simu iliyokufa hapatikani, kisha analalamika kwamba nafasi ziligawanywa kwa kujuana. Wakati mwingine ni kujuana kweli. Mara nyingi ni simu iliyozimwa.

Tilenga wilayani Buliisa, Kingfisher wilayani Kikuube na bomba la EACOP, la kilomita 1,443 kutoka Kabaale hadi Chongoleani karibu na Tanga, vilileta wimbi la kazi za ujenzi baada ya uamuzi wa uwekezaji wa Februari 2022. Ujenzi huisha. Kinachobaki ni matengenezo ya mitambo kwa miongo, na hiyo huhitaji watu wachache wenye kadi nzuri kuliko wengi wenye nguvu. Jipange kwa hilo: jifunze majukwaa ya kuning'inia chini ya mabomba, ya kuzunguka matangi, na ya sehemu finyu zinazohitaji kibali na mlinzi anayesimama nje. Jifunze pia kadi za rangi zinazofungwa kwenye jukwaa. Ya kijani huruhusu kutumia, nyekundu hukataza, ya njano huruhusu kwa masharti yaliyoandikwa. Ukaguzi kwenye saiti hizo hufanywa kila siku 7, na kila baada ya dhoruba au badiliko lolote.

Ukitaka kwenda Ghuba

Tumia kampuni iliyo na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na mkataba wako uonekane kwenye mfumo wa wizara wa ajira za nje, EEMIS. Ukipewa viza ya utalii «tutabadilisha tukifika», rudi nyumbani. Mkataba uandike cheo cha fundi wa jukwaa, daraja, mshahara wa msingi ukitengwa na posho ya ziada, na nani analipia malazi. Wengi waliosaini kama «kibarua» wamefunga majukwaa ya mita 30 kwa mshahara wa kufagia. Mtihani wa mikono hufanywa hapa Kampala kabla ya safari, na watahini huangalia vitu vidogo: kama unatembea na spana iliyofungwa kamba kiunoni, kama unaacha klampu juu ya ubao, kama unakubali kupanda kabla reli haijawekwa. Ukiambiwa upande hivyo, kataa kwa adabu. Mara nyingi hilo ndilo swali lenyewe.

Haki zako ukiwa bado mfanyakazi wa chini

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga bila kukukata mshahara, na inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari ya karibu. Ukifanya kazi ya kibarua kwa miezi minne mfululizo kwa mwajiri mmoja, unastahili mkataba wa maandishi. NSSF ni asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwako, na tangu mabadiliko ya 2022 hata kampuni yenye watu wawili inahusika. Ukiumia, toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo, taja mashahidi, hifadhi karatasi za hospitali. Malipo ya fidia hupotea zaidi kwa kukosa taarifa ya maandishi kuliko kwa ubishi wa mwajiri.

Kukodisha vifaa vyako

Baada ya miaka kadhaa wengine hutaka kukodisha vifaa vyao. Anza na fremu za kutosha uso mmoja wa nyumba ya ghorofa moja, zote za kipimo kimoja, maana kuchanganya vipimo kutoka Uchina na Uturuki hukuachia fremu zisizoingiliana. Sajili jina URSB, ofisi ya usajili wa biashara. Andika hati ya makabidhiano inayotaja kila klampu, pokea amana kabla lori halijaondoka, na weka bei ya kila kifaa kikipotea kwenye hati hiyohiyo. Kisha hesabu ukiwa palepale saitini siku ya kurudisha, mteja akiwa amesimama karibu nawe. Ukihesabia yadi, klampu hamsini zitakuwa zimepotea njiani na hakuna atakayekubali kuzilipa.